Kovu Limepona, Mgonjwa Bado

Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule za sekondari, na nilitolewa tezi dundumio yote kwa sababu ya rovu. Nimeombwa nizungumzie maisha ya mtu ambaye upasuaji wake ulifanikiwa, kidonda kikafunga, vipimo vya damu vinasoma sawa, na bado hajisikii vizuri.

Nitangulize neno kwa aliyepangiwa upasuaji wiki ijayo: usiahirishe kwa sababu yangu. Rovu likibana koo la hewa linaweza kuua, saratani ya tezi nayo huua, na wengi waliopasuliwa wanameza kidonge chao asubuhi, wanalima, wanalea, wanafanya kazi hadi uzeeni. Ninaowasemea leo ni wachache. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya watu 100 wanaotumia homoni ya tezi kwa kidonge, 5 hadi 10 hubaki na dalili ingawa kipimo kikuu, kile kinachoitwa TSH, kiko ndani ya kiwango. Lakini hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hata wachache hao ni umati. Udongo wa milima yetu ulikosa madini joto kwa vizazi na vizazi, na marovu yalionekana katika kila kijiji. Zikaja kampeni za vidonge vya mafuta yenye madini joto katika miaka ya 1980, ikaja sheria ya chumvi yenye madini joto katikati ya miaka ya 1990. Chumvi ile imewaokoa watoto wetu. Haikuweza kuyaondoa marovu makubwa ya mama zao na bibi zao, na wengi wao wamepita mikononi mwa wapasuaji.

Mtu ninayemzungumzia anaamka akiwa amechoka. Baridi inamwingia mifupani wakati wenzake wamevua masweta. Anaanza kusema jambo, neno linamkimbia katikati. Vidole vinakufa ganzi, vigimbi vinakakamaa usiku, moyo unakwenda mbio akiwa ameketi. Mwili unaongezeka na chakula anachokula ni kidogo. Ugali unapita kooni kwa shida, ingawa koo lilipochunguzwa halikuonekana na kitu. Akienda kliniki anaambiwa, "Mama, vipimo vyako viko sawa, punguza mawazo." Akirudi nyumbani anasikia mawifi wakinong'ona kwamba tangu atoke hospitali amekuwa mvivu. Wako walioambiwa wamerogwa, na hela ya dawa ikaishia kwa mganga.

Nami niliambiwa vipimo viko sawa. Nikarudi kwenye fani yangu, nikasoma historia ya tezi hii, na nilichokikuta huko ndicho nilichokuja kuwaambieni: sehemu kubwa ya elimu tuliyo nayo juu ya tezi dundumio ilitokana na malalamiko ya watu waliokwisha kupasuliwa, malalamiko ambayo kwa miaka mingi hakuna daktari aliyeweza kuyaeleza.

Twende Uswisi. Nayo ni nchi ya milima iliyokosa madini joto, na katika karne ya 19 rovu lilikuwa ugonjwa wa kila bonde. Mwaka 1872 Theodor Kocher aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji mjini Bern. Upasuaji wa rovu wakati ule uliogopwa kwa haki. Katikati ya karne ile wagonjwa wapatao 40 katika kila 100 walikufa, wengine kwa kutokwa damu, wengine kwa kidonda kuoza. Kocher alikuwa na mkono mtulivu. Alifunga kila mshipa kabla ya kuukata, alizingatia usafi, hakuwa na haraka. Vifo vikapungua mwaka hadi mwaka, na karne ilipokuwa inakwisha vilikuwa chini ya kimoja katika kila wagonjwa 100. Kwa mtu aliyepima kazi yake kwa yale yaliyotokea ndani ya chumba cha upasuaji, Kocher alikuwa amefaulu.

Mwezi Januari 1874 alimpasua msichana wa miaka 11 na kuitoa tezi yote. Kidonda kilipona. Baadaye daktari mwingine, August Fetscherin, alimletea habari kwamba mtoto yule amebadilika kabisa, amekuwa mzito wa mwili na wa akili. Habari hiyo haikufuatwa kwa miaka. Mnamo Septemba 1882 Kocher alikutana mjini Geneva na mpasuaji mwenzake, Jacques-Louis Reverdin, ambaye naye alikuwa ameona wagonjwa wake wakidhoofika miezi michache baada ya kutolewa tezi. Hapo Kocher alifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kubwa kuliko yote aliyoyafanya kwa kisu. Aliwaita wagonjwa wake wa zamani warudi, akawaangalia mmoja mmoja.

Katika wale waliotolewa tezi nzima, aliweza kuwaona 18. Kati yao 16 walikuwa wagonjwa. Walimweleza juu ya uchovu, uzito wa mikono na miguu, baridi isiyokwisha, usemi uliopungua kasi, fikra zinazochelewa kufika. Nyuso na mikono ilikuwa imevimba, ngozi imekauka, nywele zimepungua. Yule msichana wa 1874 alikuwa amedumaa. Mdogo wake alikuwa amempita kimo. Aprili 1883, mjini Berlin, mbele ya mkutano wa wapasuaji wa Ujerumani, Kocher alisimama akayasema hayo yote juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe, na akatangaza kwamba hatatoa tena tezi nzima kwa rovu lisilo saratani.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa pana jambo ambalo vitabu hulipita upesi. Maelezo ya Kocher kuhusu chanzo cha hali ile yalikuwa na makosa. Alidhani koo la hewa la wagonjwa wale lilikuwa limeharibika baada ya upasuaji, wakawa wanakosa hewa kidogo kidogo. Hakujua homoni ni kitu gani. Jina hilo lenyewe lilianza kutumika mwaka 1905. Kwa hiyo daktari bingwa kuliko wote wa zama zake alikosea sababu, na wagonjwa 16 walikuwa sahihi kuhusu miili yao. Je, kama angesema kwamba asichoweza kukieleza hakipo? Wale 16 wangerudi makwao na sifa ya uvivu, na tezi zingeendelea kutolewa nzima.

Mwaka ule ule wa 1883, mjini London, daktari Felix Semon alitoa hoja kwamba wagonjwa wa Kocher, wanawake watu wazima waliokuwa wakivimba na kuzubaa bila kupasuliwa, na watoto waliodumaa katika mabonde yenye marovu, wote wamekosa kitu kimoja: kazi ya tezi. Hoja yake ilipokewa kwa kejeli. Ikaundwa kamati, na ripoti yake ya 1888 ikakubali kwamba Semon alisema kweli. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimchoma mwanamke mmoja mwenye hali hiyo sindano ya maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mwanamke yule aliinuka, akaishi hadi mwaka 1919, na inakadiriwa kwamba tezi za kondoo zaidi ya 870 zilitumika kumhifadhi. Mwaka 1914, siku ya Krismasi, Edward Kendall wa Mayo Clinic nchini Marekani alifanikiwa kupata chembechembe safi za homoni ya tezi iitwayo thairoksini. Kidonge tunachomeza leo kinatoka kwenye mlolongo huo, na mlolongo huo ulianzia kwa watu waliorudi Bern kulalamika.

Kuna habari ya pili, nayo haijaisha hadi leo. Wakati wagonjwa wa Kocher wanavimba na kuzubaa, katika mji wa Vienna wagonjwa wa mpasuaji Theodor Billroth walipata shida nyingine. Mikono ilikakamaa, vidole vikajikunja, mwili ukashikwa na mikazo. Anton Wölfler aliieleza hali hiyo katika miaka ile ile, wala hakuna aliyejua inatoka wapi. Sababu ilikuwa nyuma ya tezi: vijitezi vinne, kila kimoja kikikaribia punje ya mchele, ambavyo leo huitwa tezi parathairoidi. Mwingereza Richard Owen aliviona ndani ya kifaru aliyekufa mwaka 1849 katika bustani ya wanyama ya London. Ivar Sandström, Mswidi, alivieleza kwa binadamu mwaka 1880, na dunia haikushtuka. Alifariki mwaka 1889, miaka miwili kabla Eugène Gley hajaonyesha kwamba mnyama akinyang'anywa vijitezi hivyo hushikwa na mikazo ile ile. Mwaka 1909 MacCallum na Voegtlin walithibitisha kwamba kinachopungua ni kalsiamu ya damu. Tangu Vienna hadi hapo ni yapata miaka 30, na muda huo wote wagonjwa walikuwa wanaeleza kitu kile kile kwa maneno yale yale.

Vijitezi hivyo bado vinaumia. Mpasuaji hodari anavilinda, lakini mishipa yake ya damu ni myembamba na wakati mwingine vinazimia kwa wiki au miezi. Kwa wachache haviamki tena. Basi mama anapokuambia midomo yake inatambaa wadudu, ncha za vidole zina ganzi, mguu unakaza usiku, usikimbilie kumwambia ana wasiwasi. Kalsiamu ikishuka huleta pia hofu na moyo kwenda mbio, na hiyo hofu ni ya damu. Pima kalsiamu. Kama maabara iko mbali, zahanati ina mashine ya presha. Mfaransa Armand Trousseau alifundisha tangu karne ya 19 kwamba ukiubana mkono wa mtu wa namna hii, unaweza kuuona ukikakamaa wenyewe. Leo mkanda wa presha hujazwa kupita presha yake ya juu kidogo kwa dakika 3. Na ndugu, mikono ikijikunja au pumzi ikaanza kubana, hiyo ni dharura. Mgonjwa aende hospitali usiku huo huo, asingoje tarehe ya kliniki.

Nije kwenye kidonge. Levothairoksini ni dawa nzuri na ya bei nafuu, lakini ina masharti ambayo wengi wetu tuliambiwa mlangoni kwa haraka, au hatukuambiwa. Inataka tumbo tupu, maji matupu, na kungoja nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Chai ya maziwa inayoandamana na kidonge huzuia sehemu ya dawa isiingie mwilini. Vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito na waliopasuliwa hupewa kwa wingi, vinatakiwa kukaa mbali nacho kwa saa 4. Anayefunga Ramadhani anaweza kumwomba daktari amhamishie dozi wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho, badala ya kukimezea pamoja na futari. Mwanamke akishika mimba anahitaji dozi kubwa zaidi tangu wiki za mwanzo, pengine kwa robo, pengine kwa karibu nusu, na mtoto aliye tumboni anaitegemea. Halafu joto: vidonge hivi vinataka kukaa kwenye ubaridi wa wastani, penye ukavu, mbali na mwanga. Sisi wa milimani tuna nafuu. Mwenzetu anayeviweka kwenye kabati la bati mjini Dar es Salaam anaweza kuwa anameza dawa iliyopungua nguvu. Dozi ikibadilishwa, damu ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa maana homoni hii hutulia polepole. Kupima baada ya siku kumi ni kutupa fedha ya mgonjwa.

Tuseme yote hayo yamefuatwa. TSH iko sawa, kalsiamu iko sawa, na mtu bado amechoka. Hapo ndipo penye ugumu, na hapo ndipo ningependa daktari asifunge faili. Yapo mengine yanayojificha nyuma ya kovu, tezi ikasingiziwa: upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, kukoma hedhi, kukosa hewa usingizini, kisukari kinachoanza, sonona. Sonona ni ugonjwa, ina matibabu, na kumwambia mtu "punguza mawazo" si tiba yake.

Lipo pia swali la homoni yenyewe. Tezi hai hutoa aina mbili: thairoksini, na nyingine yenye nguvu zaidi iitwayo T3, ambayo Jack Gross na Rosalind Pitt-Rivers waliitambua mwaka 1952. Kidonge chetu kina ile ya kwanza peke yake. Mwaka 1970 Braverman na wenzake walionyesha kwamba hata mtu asiye na tezi huigeuza thairoksini kuwa T3 ndani ya mwili, na tangu hapo madaktari wakaridhika kwamba kidonge kimoja kinatosha. Kwa wengi kinatosha. Lakini je, kila mwili unageuza sawasawa? Mwaka 1999 utafiti mdogo wa Lithuania ulionyesha kwamba wagonjwa walijisikia vizuri zaidi walipochanganyiwa homoni zote mbili. Tafiti nyingi zilizofuata hazikupata tofauti ya wazi, ingawa katika baadhi yake wagonjwa wenyewe walipendelea mchanganyiko. Mjadala uko wazi, na sisemi mtu aende duka la dawa kujitafutia T3, kwa sababu ikizidi inaudhuru moyo na mifupa. Nasema kwamba wataalamu wakubwa wa dunia bado wanabishana juu ya jambo ambalo mama wa huku kwetu Makete anaambiwa ni la mawazo yake.

Na wakati mwingine chanzo kiko kwenye ugonjwa uliokuwapo kabla. Mwaka 2019 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wagonjwa 150 wenye ugonjwa wa Hashimoto, ambamo kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe. Wote walikuwa wanatumia dawa, homoni zikisoma sawa, uchovu haukwishi. Nusu yao walitolewa tezi yote, na baada ya miezi 18 uchovu wao ulikuwa umepungua kwa kiasi cha kuonekana. Wenzao waliobaki na dawa peke yake hawakupata nafuu hiyo. Upasuaji ule nao ulikuwa na madhara kwa baadhi yao, hivyo si wa kukimbilia. Ila yako wapi sasa maneno kwamba homoni zikiwa sawa mtu hana ugonjwa?

Sauti nitaitaja kwa kifupi, ingawa inaniuma kama mwalimu. Kuna neva nyembamba inayoukaza uzi wa sauti ili itoe noti za juu. Ikiguswa katika upasuaji, mtu anaendelea kuongea, na daktari anayemsikiliza ofisini haoni kasoro. Kasoro anaiona mwadhini kwenye adhana, mwanakwaya wa soprano, mwalimu mbele ya wanafunzi 80. Mwimbaji wa opera Amelita Galli-Curci alipasuliwa rovu mwaka 1935 mjini Chicago, na kwa miongo mingi vitabu vya upasuaji vilisimulia kwamba neva hiyo ndiyo iliyokatisha kazi yake. Baadaye wachunguzi walipinga, wakaonyesha kwamba sauti yake ilikuwa imeanza kushuka kabla. Lolote liwalo, mgonjwa aulizwe kabla ya kupasuliwa anaitumiaje sauti yake, na aulizwe tena baadaye.

Watabaki wasiopata jibu. Wapo, nami ni mmoja wao kwa sehemu ya dalili zangu. Kuishi hivyo kunawezekana. Nimejifunza kufanya kazi nzito asubuhi na kuiacha mchana kabla mwili haujaniacha, kuandika dalili zangu kwenye daftari pamoja na saa ya dawa na chakula, na kumpeleka mwanangu kliniki ili asikie mwenyewe anayoambiwa mama yake. Daftari lile limenisaidia kuliko kitu kingine. Ndilo lililoonyesha kwamba ganzi yangu ilikuwa inakuja siku nilizokosa kalsiamu. Kinachochosha kupita dalili ni kuthibitisha kila mara kwamba unaumwa: kwa bosi, kwa mume, kwa kijana wa maabara.

Mawifi, wakwe na waume, nanyi mna sehemu. Mwenye kovu shingoni akisema amechoka, mwaminini, mshikieni jembe lake siku hiyo, na mkumbusheni kidonge chake kesho. Asiache dawa kwa ajili ya maombi wala kwa ajili ya mitishamba. Asiye na tezi akiiacha kwa miezi anaweza kufa.

Madaktari wetu, najua foleni zenu. Najua mnaona wagonjwa wengi kwa siku moja kuliko Kocher alivyoona kwa juma. Ninachoomba ni kidogo. Aliyetolewa tezi asipotee baada ya nyuzi kutolewa. Awe na tarehe ya kurudi baada ya wiki 6, baada ya miezi 6, na kila mwaka. Kalsiamu yake ipimwe, si TSH peke yake. Na akisema bado anaumwa huku karatasi inasoma sawa, mwambieni, "Sijajua bado," muyaandike aliyoyasema kwa maneno yake mwenyewe kwenye faili, na mumpe siku ya kurudi.